Hodi bila karibu: kisa cha Crowdmap

Crowdmap ilikuwa huduma ya bure ya kufungulia ramani ya mtandaoni, ambayo watu waliitumia ripoti za matukio na kila ripoti ikaonekana kama pini mahali pake. Aliyefungua ramani mpya humo mwaka 2011 alikutana na pini moja tu, nayo ilikuwa imechomekwa Nairobi. Haikujalisha kama mwenyewe yuko Manila, Lima au Mwanza. Akiibofya pini ile, ilimletea salamu fupi ya kumkaribisha, na ombi kwamba aiondoe aweke mahali pake tukio la kweli. Kando kulikuwa na makundi matatu ya ripoti yasiyo na majina: la kwanza, la pili, la tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yake. Ameipata kwa dakika chache, bila kulipa hata senti na bila kumtafuta fundi yeyote.

Mwaka 2012 Internews, shirika linalosaidia vyombo vya habari, lilitoa uchunguzi wa ramani hizo. Zilihesabiwa 12,795. Asilimia 93 zilikuwa na ripoti zisizofika 10. Asilimia 61 zilikuwa vilevile kama zilivyofunguliwa, hazijaguswa. Kwa hesabu ya haraka ni karibu ramani 7,800 zilizobaki kwenye intaneti bila mtu kubadilisha chochote.

Huwa narudi kwenye namba hizi kila ninaposikia watu wakisema kwamba watumiaji wa simu wapewe zana wajitengenezee huduma zao wenyewe. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Nimeona mara nyingi mno huduma iliyobuniwa ofisini, na watu wasiowahi kupanga foleni ya maji, ikiletwa mtaani kuwafundisha watu shida zao. Anayeishi na tatizo ndiye anayejua swali la kuuliza. Kwa hiyo nikizisoma takwimu za Crowdmap sifurahii kwamba mradi uliyumba. Nataka kujua ni wapi hasa kamba ilikatikia, maana kamba hiyohiyo tunaifunga upya leo kwa zana nyingine.

Ilikotoka

Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kufikia mwisho wa vurugu zilizofuata, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wameyahama makazi yao. Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyekuwa akiandika mtandaoni siku zote zile, alikuwa anapokea habari nyingi kuliko alizoweza kuzihakiki peke yake. Mapema Januari 2008 akauliza hadharani kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitika, na baada ya siku chache tovuti ikawa hewani. Iliitwa Ushahidi, na msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini.

Tovuti ile ilijengwa kwa ajili ya janga moja katika nchi moja. Mwenye simu alituma meseji, mwenye kompyuta alijaza fomu, na kikundi kidogo kilichokuwa nyuma kilisoma, kikapima ukweli kadiri kilivyoweza, kisha kikaweka pini. Naomba msomaji alishike neno hilo, kikundi. Ndilo litakalodondoka njiani.

Baada ya hapo maombi yakaanza kuja kutoka kila upande. Mei 2008 wageni walishambuliwa Afrika Kusini, na programu ile ikatumika huko. Mwishoni mwa mwaka huo ikapelekwa mashariki ya Kongo. Januari 2009 Al Jazeera waliitumia kwa vita vya Gaza, na miezi michache baadaye ikafuatilia uchaguzi wa India. Msimbo wake ulikuwa wazi, yeyote aliruhusiwa kuuchukua bure. Lakini kuuchukua ni jambo moja na kuusimamisha ni jambo lingine. Ulihitaji seva, yaani kompyuta ya kuiweka tovuti hewani, hifadhidata, mtu wa kuzifunga, na mtu wa kuamka usiku zinapozima. Kikundi cha akina mama chenye habari za maana kabisa kuhusu kliniki ya kwao kingekwama palepale kwenye neno seva.

Agosti 2010 Ushahidi wakazindua Crowdmap kuondoa kikwazo hicho. Wao walibeba seva. Wewe ulichagua jina la ramani, anwani yake na maelezo mafupi, ukaanza kazi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ningekuwa mahali pao ningefanya hivyohivyo. Kikwazo walichokiondoa kilikuwa cha kweli na kilikuwa kinawafungia nje watu wanaostahili kuwa ndani.

Safari ya meseji moja

Tuchukue mfano. Meseji imeingia saa moja asubuhi kutoka kwenye kitochi: "Maji yamekatika tangu juzi huku kwetu karibu na msikiti, watoto wanaumwa tumbo." Mtumaji amefanya sehemu yake. Ameandika kwa vidole gumba, herufi moja kwa kubonyeza mara tatu, na ametumia salio lake.

Sasa iangalie ukiwa upande wa mwenye ramani. Kitu cha kwanza: ni wapi? Meseji ya kawaida haiji na mahali ndani yake. "Huku kwetu" anapajua mtumaji, na msikiti upo kila mtaa. Inabidi umpigie, na salio sasa ni lako. Kama simu yake imezimwa kwa kukosa chaji, unasubiri. Ukimpata, anakutajia mtaa ambao kwenye ramani ya intaneti haupo, au upo kwa jina ambalo hakuna mkazi anayelitumia. Unatafuta shule iliyo karibu, kituo cha daladala, daraja, hadi upate mahali pa kuchomeka pini. Kisha kundi: hii ni habari ya maji au ya afya? Ni zote mbili, na ya afya ndiyo ya haraka. Kisha ukweli: yupo mwingine wa kuthibitisha? Kisha heshima ya mtu: jina lake lionekane? Vipi namba yake? Kama maji yamekatwa na mtu mwenye nguvu mtaani, pini hiyo inaweza kumgharimu mtumaji kuliko unavyodhani.

Ukimaliza yote hayo hujafika hata nusu. Pini imeonekana, na watoto bado wanaumwa tumbo. Lazima awepo mtu wa mamlaka ya maji, au wa zahanati, au mwenyekiti wa mtaa, ambaye habari hiyo itamfikia na ambaye amekubali tangu mwanzo kwamba ikimfikia atainuka. Halafu yule aliyetuma aambiwe. Hata kwa maneno mawili: tumepata, tumempelekea fulani.

Meseji ni hodi. Mtu amesimama mlangoni kwako, amepaza sauti, anangoja. Kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya hodi tatu zisizoitikiwa. Mtu anaondoka, na mara nyingine anapita njia nyingine.

Crowdmap iliondoa ugumu wote wa kabla ya meseji kuingia na ikauacha ugumu wote wa baada ya hapo. Tena iliuacha bila kuutaja. Ukurasa wa kufungulia ramani uliuliza jina na anwani. Haukuuliza nani atasoma meseji, saa ngapi, kwa lugha gani, na zikishasomwa zinapelekwa kwa nani. Ukimaliza kujaza uliambiwa, kwa namna fulani, kwamba huduma yako iko tayari. Hapo ndipo naona kosa la ubunifu lilipokaa, na silioni mahali pengine. Mtu aliyeaminishwa kwamba kazi imekwisha hana sababu ya kuanza kazi.

Walichokiona Haiti

Kuna sababu iliyofanya ramani zionekane rahisi kuliko zilivyo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti. Saa chache baadaye Patrick Meier, akiwa Boston, alifungua ramani ya Ushahidi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts wakakesha wakiijaza. Namba fupi 4636 ikatangazwa Haiti, meseji zikatumwa bure. Nyingi zilikuwa kwa Kikrioli, na Wahaiti walioko ughaibuni walizitafsiri, wengine wakitafuta kwa kumbukumbu zao mitaa ambayo ramani hazikuwa nayo. Waliojitolea kwenye kazi hiyo ya tafsiri walizidi 1,000.

Dunia iliona pini nyekundu. Haikuwaona watu 1,000. Miezi saba baadaye Crowdmap ikafunguliwa, na ni rahisi kuelewa mtu aliyewaza kwamba akipata ramani ile basi ameipata Haiti ile. Alichopata ni sahani, chakula kilikuwa kimepikwa na wengine.

Programu hiyohiyo, mikononi mwa watu waliojipanga, ilifanya kazi. Kwenye kura ya maoni ya katiba ya Kenya, tarehe 4 Agosti 2010, mradi wa Uchaguzi uliunganisha Ushahidi na mashirika ya kiraia, ukawa na namba fupi na watazamaji waliofunzwa, na meseji zilizohitaji hatua zilikuwa na mahali pa kupelekwa. Katika uchaguzi wa Machi 2013 waliojitolea waligawanywa kwa kazi: wapo waliopokea meseji, waliotafsiri, waliotafuta mahali, waliohakiki. Ukiyasoma majina ya vikundi hivyo unaiona ile orodha ya maswali niliyoipitia kwenye meseji ya maji. Kila swali limepewa watu wake.

Mwenye simu hakuwa mwenye ramani

Jambo lingine linasemwa kidogo mno. Zana hizi zilisifiwa kwamba zinampa mwenye simu uwezo wa kujenga. Lakini mwaka 2010 mwenye kitochi hakujenga chochote, alituma tu. Aliyejenga alikuwa na kompyuta, intaneti ya kutosha na Kiingereza cha kusomea vitufe. Tabaka mbili zikazaliwa ndani ya huduma moja: wanaouliza na wanaoulizwa. Anayeulizwa hawezi kubadilisha swali. Kama ramani inataka habari za ghasia, na yeye ana habari za maji, hana kundi la kuiweka.

Hatua nzuri ilikuja na programu ya SMSsync, iliyotengenezwa ndani ya Ushahidi na Henry Addo kutoka Ghana. Iliigeuza simu ya kawaida ya Android kuwa lango: meseji zinaingia kwenye laini yako ya kila siku, programu inazisukuma hadi kwenye ramani. Hakuna kuomba namba fupi kwa kampuni ya simu wala kulipia kodi yake. Mwaka 2011 IDEOS, simu ya Android ya bei nafuu, ilikuwa inauzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtu wa mtaani angeweza kumiliki mlango wa kupokelea, na sio mdomo wa kusemea peke yake. Kwangu hii ni hatua kubwa kuliko ramani yenyewe. Laini inayojulikana na majirani ina mwenyewe. Ukiituma meseji pale, unajua ni nani hajakujibu.

Kivu Kusini

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautokani na Crowdmap. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Peter van der Windt na Macartan Humphreys, walianzisha mradi wa Voix des Kivus huko Kivu Kusini. Ni eneo la milima, barabara mbovu na makundi yenye silaha, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya safari. Hawakutangaza namba kwa kila mtu. Walianza na vijiji vichache, wakafika 18. Katika kila kijiji walipewa simu watu watatu: mmoja kutoka upande wa uongozi wa jadi, mmoja kutoka vyama vya wanawake, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Waliwapa salio kila wiki na chaja ya jua. Waliwapa pia karatasi ya namba: tukio la aina fulani ni namba fulani, ili meseji iwe fupi na isichanganye. Aliyetaka kueleza zaidi aliandika kwa maneno yake. Meseji ziliingia kwenye kompyuta yenye programu ya FrontlineSMS, iliyobuniwa na Ken Banks, ambayo haihitaji intaneti kupokea.

Kwa kipindi cha kama miezi 18 zilikusanywa ripoti za matukio zaidi ya 4,000. Linganisha na Crowdmap: maelfu ya ramani zisizofikisha ripoti 10 kila moja, na vijiji 18 vinavyotuma kwa wastani ripoti zaidi ya 200 kila kimoja. Namba pekee hazitoshi kuhukumu, kwa sababu Kivu ilikuwa na fedha za utafiti na watu wa kulipwa, na ramani nyingi za Crowdmap zilikuwa za majaribio ya jioni moja. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuwa ya fedha tupu.

Naiona tofauti hiyo mahali pawili. Kwanza, watumaji walikuwa na majina kabla ya kuwa na simu. Kijiji kilijua ni nani anasema kwa niaba yake, na kilikuwa na watatu ili mmoja asikigeuze kuwa chake. Pili, usalama wao ulifikiriwa mapema. Habari nyeti hazikumwagwa hadharani, kwa sababu ukichomeka pini juu ya kijiji chenye kaya chache, umemwonyesha mwenye bunduki mlango wa kubisha. Crowdmap ilianzia upande wa pili: kila kitu wazi, na ufunge mwenyewe ukikumbuka.

Udhaifu wa Kivu nao usifichwe. Habari zilikuja vizuri, lakini mradi haukuwa na nguvu ya kumtuma mtu yeyote kwenda kusaidia, na mwaka 2011 ukafika mwisho. Hodi zilisikika, zikaandikwa kwa uangalifu, na wenye nyumba kubwa hawakufungua. Hilo halitibiwi na programu.

Ramani 7,800 zinasema nini

Kuna wanaozitumia takwimu za 2012 kusema watu wa kawaida hawawezi kujitengenezea huduma, waachiwe wataalamu. Napinga kabisa. Ramani tupu ambayo haikutangazwa haikumdhuru mtu. Mtu alijaribu, akaona si yake, akaondoka, na gharama ilikuwa dakika tano. Kujaribu kwa bei nafuu ndiko kunakozaa wachache wanaodumu. HarassMap ya Misri, iliyoanza Desemba 2010 juu ya Ushahidi na FrontlineSMS kupokea ripoti za unyanyasaji wa kijinsia barabarani, ni mmoja wa hao. Ilidumu kwa sababu waanzilishi wake waliandaa watu wa kujitolea waliokwenda mitaani kuzungumza na wenye maduka na walinzi wa majengo. Ramani iliwapa kitu cha kushika mkononi walipokuwa wanazungumza.

Kinachonisumbua ni ramani za katikati. Zile zilizotangazwa, zikapata meseji tano, saba, tisa, halafu zikanyamaza. Nyuma ya kila moja ya meseji hizo alikuwepo mtu. Nafikiri mtu huyo, mwaka mwingine akiletewa namba nyingine atume habari, atakumbuka. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya Internews wala kwenye hesabu yoyote.

Angalia pia vikundi vya WhatsApp vya mitaa yetu, vya maji, vya ulinzi, vya ada za shule. Havina ramani, havina makundi ya ripoti, na mpangilio wake ni vurugu tupu. Lakini vina admin ambaye kila mtu anajua anakaa nyumba ipi, na akichelewa kujibu anapigiwa simu au anafuatwa barazani. Kama ningepewa kuchagua kati ya zana nzuri isiyo na mtu huyo na zana mbaya iliyo naye, ningechukua ya pili bila kusita.

Ningebadilisha ukurasa ule wa kufungulia. Kabla ya jina la ramani, ungetaka majina ya watu watatu watakaosoma meseji, na saa zao. Ungetaka jina la ofisi au mtu wa nje aliyekubali kupelekewa habari, na ungemwandikia mtu huyo kumuuliza kama ni kweli amekubali. Vitufe vyote vingefanya kazi kwenye simu ndogo, kwa lugha ya mahali. Pini ya Nairobi ningeiondoa. Ripoti ya kwanza itumwe na jirani, kwa simu yake mwenyewe, kuhusu jambo linalomsumbua siku hiyo, na ramani isifunguliwe kwa umma mpaka jirani huyo athibitishe kwamba amejibiwa.